Medali ya Togo na Maji ya Mto Pangani

Siku ya tarehe 12 Agosti 2008, katika mfereji wa mashindano wa Shunyi, nje ya jiji la Beijing, kijana mmoja aliyevaa rangi za Togo alimaliza mbio zake na kusubiri matokeo. Ilipodhihirika kwamba yumo miongoni mwa watatu wa kwanza, alilinyanyua kafi lake na kulivunja vipande viwili juu ya kayaki yake. Mtu asiyemjua angeweza kudhani kuwa ni hasira. Ilikuwa furaha ya mtu ambaye taifa lake halikuwahi kupata medali hata moja ya Olimpiki tangu lilipopeleka wanamichezo wake huko Munich mwaka 1972. Miaka 36 ilikwisha siku hiyo, na jina la Benjamin Boukpeti likaingia katika vitabu vya historia ya Togo.

Mwalimu wa Korogwe au mtumishi wa Serikali wa Handeni ana haki ya kuuliza habari hiyo inamhusu nini. Togo iko mbali, na mchezo wenyewe hapa nchini haujulikani kwa watu wengi. Hata hivyo wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga zinaishi kwa maji ya mto mmoja. Korogwe imekaa kando ya Mto Pangani; Handeni hunywa maji ya mto huo huo yanayosukumwa kwa mabomba. Habari ya mtu aliyepanda daraja duniani kwa kuyajua maji haiwezi kuwa ngeni kwa watu ambao kila siku huyatazama maji, huyangoja maji, au huyaogopa.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ueleweke. Kayaki ni chombo chembamba na chepesi, chenye urefu wa takriban meta 3.5, na mchezaji huketi ndani yake akiwa na kafi lenye bapa pande zote mbili. Juu ya maji ya kasi huning'inizwa fito mbili mbili ambazo huitwa milango, kati ya 18 na 25. Milango yenye rangi ya kijani na nyeupe hupitwa kwa kufuata mkondo. Ile yenye rangi nyekundu na nyeupe hupitwa kwa kupanda dhidi ya mkondo, na hapo ndipo kazi ilipo. Kugusa ufito kwa kafi, kwa bega au hata kwa kofia huongeza sekunde 2 katika muda wa mchezaji. Kuukosa mlango mmoja huongeza sekunde 50, adhabu ambayo kwa kweli ni sawa na kuambiwa uende nyumbani, kwani mbio nzima huchukua kama dakika moja na nusu tu.

Anayeshinda katika mchezo huu si lazima awe mwenye mabavu kuliko wengine. Hushinda yule anayejua maji yatafanya nini kabla hayajafanya. Nyuma ya jiwe pana utulivu ambao mgeni hauoni. Kando ya mkondo mkali pana maji yanayorudi nyuma, na mjuzi huyatumia kama mtu anayedandia gari linalokwenda aendako. Wavuvi wa mitumbwi ya kuchonga wa Mto Pangani wanayafahamu mambo haya vizuri, ingawa hakuna aliyewahi kuwapa cheti kwa ajili yake.

Boukpeti alizaliwa tarehe 4 Agosti 1981 huko Lagny-sur-Marne, Ufaransa, baba yake akiwa Mtogo na mama yake Mfaransa. Alikulia katika nchi ambayo vilabu vya mchezo huo vimejipanga kando ya mito, na ambayo imetoa mabingwa kama Tony Estanguet, mshindi wa medali za dhahabu za mwaka 2000, 2004 na 2012 katika mtumbwi wa mtu mmoja. Katika nchi ya namna hiyo kijana mwenye kipaji hupata mto, kocha na wapinzani wa kumnoa. Hupata pia foleni ndefu mbele yake. Katika Michezo ya Athens ya mwaka 2004, Ufaransa peke yake ilitwaa dhahabu na shaba katika kayaki ya mtu mmoja kwa wanaume. Boukpeti alikuwapo Athens, lakini chini ya bendera ya nchi ya baba yake. Hakufika fainali.

Ilifuata miaka minne ambayo magazeti hayakuwa na la kuandika juu yake, na bila ya shaka ndiyo miaka iliyoleta medali. Siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka 27, alimaliza wa tatu mjini Beijing nyuma ya Alexander Grimm wa Ujerumani na Fabien Lefèvre wa Ufaransa. Baada ya kujumlishwa mbio mbili, alikuwa nyuma ya dhahabu kwa muda usiofika sekunde 2, yaani kiasi cha kugusa ufito mara moja. Mwaka 2012 alirudi tena katika Michezo ya London, akafika fainali, ingawa safari hiyo medali zilikwenda kwa wengine. Olimpiki tatu katika miaka minane: huo ndio mwenendo wa mwanamichezo wa kweli, wala haufanani na hadithi ya bahati iliyoanguka kutoka mbinguni.

Hapa lazima jambo moja lisemwe bila ya kificho. Medali ile ni ya Togo kwa bendera, kwa sheria na kwa damu ya baba. Watu wa Lomé walikuwa na haki kamili ya kuifurahia. Lakini ujuzi ulioileta haukujengwa Lomé. Ulijengwa na mito ya Ufaransa na vilabu vya Ufaransa. Wako wanaotumia ukweli huo kuibeza medali, na wako wanaoufumbia macho ili sherehe isiharibike. Wote wanakosea. Kumtafuta mtoto wa nchi aliyelelewa ng'ambo ni njia halali ya kupata medali, na mjadala wa uraia unaoambatana nayo una mahali pake. Ila njia hiyo huleta mtu mmoja, na anapostaafu huondoka na kafi lake. Mtoto aliyebaki kijijini hubaki kama alivyokuwa.

Tanzania inalijua hilo kwa upande wake wa furaha. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipoleta medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwezi Septemba 2025, mbio hizo zilikuwa na mizizi nyumbani. Ardhi ya kukimbilia ipo kila mahali. Mtoto hujifunza kukimbia bila kumwomba mtu ruhusa, mwalimu humwona, na safari huanza. Maji nayo yapo, lakini mtoto hukatazwa kuyakaribia. Marufuku hiyo ina sababu zake, na sababu hizo ni nzito.

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupumzika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huteremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, hupita Korogwe, kisha hushuka kwa nguvu kuelekea Hale na maporomoko ya Pangani kabla ya kufika baharini. Ndani yake mna mamba na viboko. Palipo na maji yaliyotuama kando yake huweza kuwa na kichocho. Wakati wa masika maji hupanda na kubadilika rangi, na kivuko kilichopitika jana leo hakipitiki. Aidha mto huu una mitambo ya umeme. Ule wa Hale wenye uwezo wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, na mto uliofungwa mitambo unaweza kubadilika kina kwa sababu ambazo aliye ukingoni hazioni. Mzazi anayemwambia mwanawe asiende mtoni hasemi upuuzi.

Hata hivyo katazo peke yake si elimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Bara la Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye hali mbaya zaidi. Watanzania hawahitaji kukumbushwa msiba wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996, wala ule wa MV Nyerere wa tarehe 20 Septemba 2018, ambao uliua watu zaidi ya 200 karibu kabisa na gati. Lakini misiba mikubwa hupata makaburi ya pamoja na hotuba. Mtoto mmoja aliyetumwa kuchota maji, akateleza, hupata kilio cha kijiji kimoja tu. Mtoto huyo alikuwa amekatazwa kuogelea, na katazo hilo halikumfundisha afanye nini miguu yake inapokosa ardhi.

Upande wa Handeni jambo hili lina sura nyingine kabisa. Mtumishi aliyehamishiwa huko hujifunza haraka thamani ya ndoo. Mradi wa maji uitwao HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970 ili kuyavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, uliwapa watu wa Handeni matumaini makubwa, na kwa miaka mingi mitambo na mabomba yake chakavu yaliwapa pia subira kubwa. Sasa na afikiriwe mwananchi wa Handeni akielezwa jinsi mfereji wa slalomu wa Lee Valley, uliotumika katika Michezo ya London, unavyofanya kazi. Pampu zake husukuma zaidi ya lita 10,000 za maji kila sekunde. Kwa hesabu ya ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 500 kwa sekunde moja. Katika dakika moja na nusu ya mbio za mchezaji mmoja, ndoo 45,000 zimempita chini ya kayaki yake. Ni kweli kwamba maji hayo huzungushwa, yaani yale yale hurudishwa juu tena na tena, na hivyo hayapotei. Lakini umeme wa kuyarudisha hulipiwa, na hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu mwenye ndoo tupu asimame na kufikiri.

Kwa sababu hiyo yeyote atakayependekeza kwamba Mkoa wa Tanga ujengewe mfereji wa namna ile hastahili kusikilizwa kwa muda mrefu. Maji ya Pangani yana foleni, na foleni hiyo ni ya haki: kwanza maji ya kunywa, kisha mashamba, kisha umeme, na mto wenyewe ubakiwe na kiasi cha kuufikisha baharini. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani haikuundwa ili igawe maji ya michezo. Michezo inapaswa kutumia maji pale yanapopita, bila ya kuyazuia na bila ya kuyachepusha.

Jirani wa Uganda ametoa fundisho juu ya jambo hili, nalo si jepesi. Karibu na Jinja, Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria, palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Makampuni ya utalii yalipoanza kuwashusha wageni katika maji yale kwa maboti ya mpira, vijana wa vijiji vya jirani waliajiriwa, wakajifunza kayaki, na baadhi yao wakawa hodari hata wakashindana na wageni katika mchezo wa kayaki wa kucheza juu ya mawimbi, ambao ni ndugu wa slalomu. Hawakujengewa mfereji. Mto uliwalea. Mwaka 2012 ulizinduliwa mtambo wa umeme wa Bujagali wenye megawati 250, na maporomoko yale yakalala chini ya maji ya bwawa. Mwaka 2019 ukafuata mtambo wa Isimba, na mawimbi mengine yakazama. Hospitali na viwanda vya Uganda vilihitaji umeme, na si rahisi kumlaumu aliyeamua hivyo. Lakini ilionekana wazi pia kwamba ujuzi wa vijana wale haukuwa na mtetezi katika meza ya maamuzi, kwa kuwa haukuwahi kuandikishwa popote kama mali ya taifa. Haukuwa katika shule. Ulikuwa katika ajira za msimu tu.

Basi kama Korogwe ina la kujifunza kwa Boukpeti na kwa vijana wa Jinja, ni kwamba mambo yaanze chini kabisa, na yaanzie mikononi mwa walimu. Chini kabisa maana yake ni kuogelea. Mtu hafundishwi kayaki kabla ya kuweza kugeuka chini ya maji, kutoka ndani ya chombo na kufika ukingoni bila ya kupaparika. Korogwe ina chuo cha ualimu. Ikiwa kila mwanachuo anayejifunza kufundisha michezo angetoka hapo akiwa anaweza kuogelea, na anajua kumtoa mtu majini kwa kumtupia kamba badala ya kujitosa na kufa naye, wilaya zote mbili zingenufaika hata kama asipatikane mchezaji mmoja wa kimataifa katika miaka hamsini. Mwalimu huyo akipangiwa Handeni, ambako hakuna mto mkubwa lakini yako malambo, elimu yake bado ingekuwa na kazi.

Hapana budi pia kuzungumzia hofu ya walimu, maana ndiyo inayoua mipango ya aina hii kuliko ukosefu wa fedha. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi 40 uwanjani na mmoja akavunjika mkono hupewa pole. Akiwapeleka kwenye maji na mmoja asirudi, kazi yake imekwisha, na huenda uhuru wake pia. Katika hali hiyo mwenye busara atachagua chaki. Lawama haimstahili. Kinachotakiwa ni maandishi: kibali cha halmashauri kinachotaja mahali penyewe, saa, idadi ya watoto kwa kila mwalimu, idhini ya mzazi, na jina la mtu anayeujua mto ambaye atakuwapo siku zote. Mtu huyo mara nyingi atakuwa mvuvi asiye na cheti. Ofisa wa michezo wa wilaya atakayeona aibu kumweka mvuvi katika orodha ya wakufunzi hajaielewa kazi hii, na mhasibu atakayekataa kumlipa posho kwa sababu hana namba ya cheti ataifanya ife mapema zaidi.

Mahali pa kuanzia pasiwe mtoni. Bwawa dogo lililopimwa na wataalamu wa afya dhidi ya kichocho, au tangi la shamba lililosafishwa kwa makubaliano na mwenye nalo, litafaa kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Mto ungefuata kwa wale wachache walioiva, wakati wa kiangazi, katika sehemu iliyokaguliwa kwa ajili ya mamba na viboko, na kwa taarifa kutoka kwa wanaoendesha mitambo ya umeme. Kayaki zenyewe zingekuja mwisho. Hata hapo, fito zinazoning'inia juu ya maji ni miti na kamba tu, vitu ambavyo Korogwe, wilaya ya mkonge, haiwezi kudai kwamba imevikosa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa katika shule ambazo bado zina upungufu wa madawati. Hoja hiyo ina nguvu inapoelekezwa kwenye kayaki, ambayo ni chombo cha bei. Haina nguvu inapoelekezwa kwenye kuogelea. Dawati humsaidia mtoto aliye hai. Wako pia watakaosema kwamba mchezo usiomo katika UMITASHUMTA na UMISSETA hauna mwenyewe, na hao wanasema kweli. Ndiyo sababu mashindano ya kuogelea baina ya shule za wilaya chache zenye maji, yakiendeshwa kama jaribio chini ya mwamvuli huo, yangekuwa na maana kubwa kuliko semina tatu za uhamasishaji.

Masika ya Korogwe huanza kwa kawaida mwezi Machi. Kati ya sasa na wakati huo, kamba ndefu yenye boya kichwani inaweza kununuliwa na kutundikwa kwenye kila kivuko ambacho watoto wa shule hupita, na walimu wawili wa kila shule iliyo karibu wakafundishwa kuitupa. Gharama yake haifiki posho ya mkutano mmoja wa wilaya, na haihitaji kibali cha Dodoma.